Viza ya masomo ya Ujerumani: pesa, majina na kalenda

Barua ya udahili kutoka chuo kikuu cha Ujerumani ikifika mwezi Juni, nyumbani hupigwa vigelegele, na ni haki yao. Ila kazi iliyobaki ni nzito kuliko iliyokwisha. Muhula wa baridi unaanza Oktoba, na kabla yake kuna euro 11,904 za kuweka kwenye akaunti maalumu, bima, vyeti, barua ya kusudio, miadi ya ubalozi na wiki kadhaa za kusubiri. Udahili ni kauli ya chuo, viza ni kauli ya serikali, na ofisa wa viza hakujui. Anachokijua ni karatasi ulizompelekea. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna karatasi inayoikanusha nyingine.

Ni viza ipi

Unaomba viza ya kitaifa, aina ya D, ya kukaa zaidi ya siku 90. Usishawishiwe kwenda na viza ya Schengen ya matembezi kwa mpango wa kuigeuza ukishafika. Mtanzania, Mkenya, Mganda au Mkongo akifanya hivyo huambiwa arudi akaombe upya kwao, na tiketi imeshaliwa.

Ada ni euro 75, na kwa aliye chini ya miaka 18 ni nusu yake. Kwa kawaida hulipwa taslimu kwa fedha ya nchi, kwa kiwango cha ubadilishaji cha ubalozi wenyewe, na hairudishwi hata ukikataliwa. Wenye ufadhili unaotokana na fedha za umma za Ujerumani, kama wa DAAD (shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kielimu), hawalipi.

Mwenye udahili kamili anaomba viza ya masomo. Mwenye udahili wa masharti, kwa mfano aliyeambiwa asome Kijerumani kwanza au apite Studienkolleg, naye anaomba viza ya masomo, akiambatisha barua ya chuo na uthibitisho wa kozi hiyo ya maandalizi. Studienkolleg ni mwaka wa kujiandaa, kwa kawaida mihula miwili, unaoishia na mtihani wa Feststellungsprüfung. Ambaye bado hana udahili na anataka kwenda kuutafuta huko huko ana viza yake nyingine, isiyozidi miezi tisa, na kiasi cha pesa anachotakiwa kuonyesha kila mwezi ni kikubwa zaidi kwa asilimia 10. Hiyo ya mwisho hatuipendekezi kama kuna namna ya kuomba vyuo ukiwa nyumbani, kwa sababu swali la kwanza utakaloulizwa ni kwa nini hukufanya hivyo.

Mhitimu wa kidato cha sita au wa KCSE asitegemee maneno ya mtaani kuhusu cheti chake. Anabin, hifadhidata ya Ujerumani ya kutambua vyeti vya nje, ina ukurasa wa kila nchi, unaoonyesha cheti gani kinaruhusu kuingia chuoni moja kwa moja, cha fani gani, na kipi kinapitia Studienkolleg. Imeandikwa kwa Kijerumani tu, kwa hiyo tafuta mtu akusomee. Anayekwenda kusoma shahada ya uzamili atazame hapo kama chuo chake kimewekewa alama ya H+, yaani kinatambuliwa. Ukikutana mtandaoni na ushauri wa Wahindi kuhusu cheti cha APS, yaani cha uhakiki wa vyeti vya masomo, uruke. Sisi hakituhusu.

Ubalozi unaokuhusu ni ule wa nchi unayoishi kihalali, si wa nchi iliyotoa pasi yako. Mkongo mwenye kibali cha kuishi Kenya anaomba Nairobi, na Mtanzania anayefanya kazi Oman anaomba Muscat. Wa Dar es Salaam wanakwenda Umoja House.

Kalenda, kuanzia mwisho

Vyuo vingi hufunga maombi ya muhula wa baridi tarehe 15 Julai na ya muhula wa kiangazi tarehe 15 Januari. Kwa mwombaji wa kutoka Afrika Mashariki tarehe hizo ni mtego. Anayedahiliwa mwishoni mwa Julai au Agosti hana muda wa kupata viza kabla ya Oktoba. Programu nyingi za uzamili zinazofundishwa kwa Kiingereza hufunga mapema zaidi, nyingine Machi au kabla. Chagua hizo. Vyuo vinavyopokea maombi kupitia uni-assist, huduma ya pamoja ya kukagua maombi ya wanafunzi wa nje, hutoza euro 75 kwa ombi la kwanza na euro 30 kwa kila la nyongeza katika muhula huo huo, kwa hiyo kuomba vyuo kumi kwa kubahatisha kunaumiza mfuko.

Januari na Februari ni miezi ya pasi, cheti cha kuzaliwa, nakala halisi za matokeo na mtihani wa lugha. Hakuna sababu ya kusubiri udahili ndipo ukapange foleni RITA au uhamiaji. Machi hadi Mei unaomba vyuo, na unaweza kuanza kufungua akaunti ya pesa hata kabla ya jibu. Udahili ukifika, siku hiyo hiyo fungua maombi ya viza.

Tangu Januari 2025 balozi za Ujerumani duniani zinazotoa viza zinapokea maombi ya viza za kitaifa kupitia tovuti ya huduma za kikonseli ya Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Unajaza fomu mtandaoni, unapakia hati zako, zinakaguliwa, unaambiwa kilichopungua, halafu unaitwa kwa miadi. Siku ya miadi unakwenda na hati halisi, unatoa alama za vidole, unalipa ada na kujibu maswali. Hati zikiwa pungufu miadi haiji, kwa hiyo anayepakia faili nusu ili "awahi foleni" hujichelewesha mwenyewe.

Baada ya miadi faili lako hupelekwa kwenye Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni ya mji unaokwenda kusoma. Kwa viza za masomo ofisi hiyo ina wiki tatu na siku mbili za kazi za kupinga, na ikikaa kimya huhesabiwa imekubali. Lakini inaweza kuomba muda zaidi au hati zaidi, na Agosti na Septemba mafaili hurundikana. Jipangie wiki 6 hadi 12 tangu siku ya miadi, na usinunue tiketi isiyobadilishika kabla pasi haijarudi mikononi mwako.

Ukiona tarehe zinakubana, iandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo mapema, uulize mambo mawili: siku ya mwisho ya kujiandikisha ni lini, na kama wanaweza kukupa barua ya kuruhusu uchelewe kufika. Barua hiyo iweke kwenye faili. Chuo kisichoruhusu kuchelewa mara nyingine huruhusu kuahirisha hadi muhula unaofuata, lakini kwa maandishi, si kwa kudhani.

Pesa: Sperrkonto

Hapa ndipo wengi hukwama. Sheria inataka uonyeshe kwamba utaweza kujikimu bila msaada wa serikali. Tangu tarehe 1 Septemba 2024 kiwango ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 11,904 kwa mwaka mmoja. Kiwango hiki kinafungamana na posho ya serikali kwa wanafunzi wa Ujerumani, na posho ikipandishwa nacho hupanda, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako.

Njia inayoeleweka kirahisi kuliko zote ni Sperrkonto. Ni akaunti ya jina lako ambayo pesa zote huingia kwa mkupuo na hazitoki mpaka uwe Ujerumani. Ukishafika hutoka kwa mafungu ya euro 992 kila mwezi. Hufunguliwa mtandaoni kwa pasi tu. Kampuni kama Expatrio, Fintiba na Coracle zinafanya kazi hiyo. Linganisha ada ya kufungua na ada ya kila mwezi, kisha angalia kama wanauza na bima pamoja.

Kosa la kawaida ni kutuma euro 11,904 kamili. Pesa ikitoka benki ya Dar au Nairobi hupita benki moja au mbili za kati kabla ya kufika, na kila moja hujikatia chake. Inaingia euro 11,880, na kwa upungufu wa euro 24 kampuni haitoi hati ya kuthibitisha, inayoitwa Sperrbestätigung. Bila hati hiyo ubalozi hauna la kufanya na wewe. Unaanza kutuma euro 24, nazo zinakatwa njiani.

Kwa hiyo, ukiwa kaunta:

Tuma kiasi kilichoandikwa kwenye maelekezo ya kampuni. Mara nyingi kinajumuisha ada zao. Ongeza kama euro 100 juu yake. Kinachozidi hakipotei, utakipata akaunti ikianza kutoa pesa.

Kwenye fomu ya kutuma pesa nje kuna sehemu ya nani analipa gharama, yenye machaguo matatu: OUR, SHA na BEN. Chagua OUR, maana yake gharama zote zinakuwa juu yako huku huku. Karani mara nyingi huweka SHA, yaani gharama za kugawana, bila kuuliza. Soma fomu kabla ya kusaini.

Namba ya kumbukumbu uliyopewa na kampuni iandikwe neno kwa neno kwenye sehemu ya maelezo ya malipo. Ikikosekana, pesa zako zinakaa kwenye rundo la pesa zisizo na mwenyewe mpaka mtu azitafute.

Tuma kwa euro. Ukituma dola zitabadilishwa huko kwa kiwango usichokijua na hesabu itaharibika.

Beba barua ya udahili, pasi na maelekezo ya kampuni, kwa sababu benki itauliza pesa zinakwenda kufanya nini. Omba nakala ya SWIFT ya muamala na uitunze. Pesa zikichelewa zaidi ya siku tano za kazi, karatasi hiyo ndiyo huonyesha zimekwama wapi.

Je, anayetuma lazima awe wewe? Hapana, baba, mjomba au mdhamini anaweza kutuma. Lakini kampuni huweza kuuliza uhusiano wenu na chanzo cha pesa. Kwetu ada ya masomo ya nje mara nyingi hutokana na mchango wa ukoo au harambee, huyu laki mbili, yule milioni, kwa simu. Kusanyeni kwenye akaunti moja ya benki, ya mzazi au yako, muda mrefu kabla ya kutuma, na mtunze orodha ya waliochangia. Pesa iliyoingia leo kwa mkupuo na kutoka kesho huzua maswali. Shamba likiuzwa, weka nakala ya mkataba wa mauzo. Na usikubali "kuazimwa" pesa na mtu atakayetaka umrudishie ukishafika: ndizo pesa za kula na kulala zako, na hutaweza kuzitoa kwa mkupuo hata ukitaka.

Viza ikikataliwa, pesa hurudi. Kampuni itataka barua ya kukataliwa au uthibitisho wa ubalozi kwamba umeondoa ombi, na itazirudisha huku ikikata ada zake. Hasara nyingine ni tofauti ya kiwango cha kununua na kuuza euro, nayo si ndogo.

Njia nyingine zipo. Barua ya ufadhili hutosha kama inataja kiasi cha mwezi na muda, na kama kiasi kiko chini ya euro 992 unajaza kilichopungua kwa Sperrkonto. Ndugu anayeishi Ujerumani anaweza kukuwekea Verpflichtungserklärung, hati ya kuwajibika gharama zako zote, anayoisaini kwenye ofisi ya wageni ya mji wake baada ya mshahara wake kukaguliwa. Ada yake ni euro 29. Hakikisha mambo mawili kwenye hati hiyo: kusudi lililotajwa liwe masomo, si matembezi, na uwezo wake wa kifedha uandikwe umethibitishwa, kwa Kijerumani "nachgewiesen". Na ndugu ajue anachokisaini. Dhima yake ni ya miaka mitano, na serikali ikikulipia chochote itamdai yeye. Taarifa ya benki ya wazazi wako huku nyumbani, hata iwe nene, peke yake haitoshi.

Weka pia pesa nje ya Sperrkonto. Fungu la kwanza huchelewa mpaka uwe na anwani na akaunti ya kawaida, na katika wiki hizo utadaiwa dhamana ya chumba, ambayo kisheria inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, na ada ya muhula ya chuo, ambayo kwa vyuo vingi ni kati ya euro 100 na 400. Euro 1,500 hadi 2,000 ni kiasi cha busara. Ukibeba taslimu euro 10,000 au zaidi unapaswa kuzitangaza forodhani. Kumbuka pia kwamba si kila chuo cha umma ni bure: jimbo la Baden-Württemberg hutoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha ufundi cha München, TUM, kina ada zake kubwa zaidi. Udahili wa huko ukiambatana na Sperrkonto ya euro 11,904 tu, ofisa atauliza ada italipwa na nani.

Majina

Hili ni tatizo letu hasa. Cheti cha NECTA kina majina mawili, cha kuzaliwa kina matatu, pasi imeandika "Mohamed" na cheti cha shahada "Mohammed". Nyumbani kila mtu anajua ni mtu mmoja. Mjerumani anaona watu wawili.

Nguzo ni pasi. Kila kitu kingine kinapimwa kwayo. Kama hujachukua pasi bado, hakikisha majina yake yanafanana na vyeti vya masomo, kwa kuwa kurekebisha pasi ni rahisi kuliko kurekebisha cheti cha mtihani cha miaka kumi iliyopita. Kama pasi ipo na tofauti ipo, andaa hati ya kiapo mbele ya wakili au mahakamani, ikitaja kila aina ya jina, hati linapoonekana, na kwamba wote ni mtu mmoja. Kwa Kenya aliyebadili jina rasmi anatumia deed poll iliyosajiliwa. Tofauti ya herufi moja nayo iandikiwe kiapo. Usiseme ni ndogo.

Fomu za Kijerumani zina sehemu mbili tu, Nachname (jina la ukoo) na Vorname (majina yako mwenyewe), na hazijui habari ya jina la baba na la babu. Usitunge mgawanyo wako. Fungua ukurasa wa picha wa pasi, tazama mistari miwili ya chini yenye alama nyingi za <. Ukiona ALI<<JUMA<HASSAN, basi kilicho kabla ya alama mbili, ALI, ndicho Nachname, na JUMA HASSAN ni Vorname. Jaza hivyo hivyo kwenye ombi la chuo, Sperrkonto, bima na fomu ya viza. Barua ya udahili ikitoka na mpangilio mwingine, omba chuo kiitoe upya kabla hujapakia chochote. Hufanya hivyo bila ugomvi.

Tarehe nazo huandikwa siku, mwezi, mwaka. Mtu aliyezaliwa tarehe 4 Septemba akajaza 09.04 amezaliwa upya Aprili.

Hati iliyoandikwa kwa Kiswahili peke yake itafutiwe tafsiri ya Kijerumani au Kiingereza kwa mfasiri anayekubaliwa na ubalozi.

Bima

Unahitaji bima mbili zinazopokezana. Ya kwanza ni ya safari, inayoanza siku unayotua na kugharamia matibabu ya angalau euro 30,000, mpaka siku ya kuandikishwa chuoni. Ya pili ni ya mwanafunzi. Aliye chini ya miaka 30 hujiunga na bima ya umma kama TK, AOK au Barmer, kwa takriban euro 150 kwa mwezi, na chuo hakikuandikishi mpaka bima yako itume taarifa yake kwa mfumo. Aliyevuka 30 kwa kawaida hapati bei hiyo na hulazimika kutafuta ya binafsi. Onyo moja: mwenye haki ya bima ya umma akijiondoa mwanzoni kwa kuvutiwa na bima rahisi ya binafsi, hawezi kurudi kwenye ile ya umma kwa muda wote wa masomo hayo.

Barua ya kusudio

Barua nyingi zinazoandikwa kwetu husifu Ujerumani kwa ukurasa mzima na kusahau kozi. Ofisa anaijua nchi yake. Anachotaka kujua ni kama kweli unakwenda kusoma, na kama masomo hayo yanafuatana na maisha yako.

Kurasa moja hadi mbili zijibu haya: ulisoma nini na umefanya kazi gani, kozi hii inajenga juu ya kipi kati ya hivyo, masomo gani ndani yake, kwa majina kutoka kwenye mtaala wa chuo, ndiyo uliyoyafuata, ni mihula mingapi na kwa lugha gani, utaishi wapi, utafanya nini baadaye. Sentensi kama "Ujerumani ina elimu bora duniani na nina ndoto ya kusoma huko" haibebi kitu. "Nimefanya kazi miaka mitatu katika mamlaka ya maji ya mkoa, tatizo letu kubwa ni upotevu wa maji kwenye mabomba, na kozi hii ina somo la usimamizi wa mitandao ya maji katika muhula wa pili" inabeba mzigo, na inaulizika.

Kama kuna miaka mitupu kwenye wasifu wako, itaje. Miaka miwili ya kuuza duka la mama baada ya kumaliza chuo si aibu, kimya ndicho kinachotia shaka. Anayebadilisha fani, tuseme kutoka ualimu kwenda uchambuzi wa data, au anayekwenda kusoma shahada ya ngazi aliyonayo tayari, aeleze kwa urefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo ombi huonekana la kutafuta njia ya kuhama tu. Usimpe mtu wa "stationery" akuandikie. Barua zinazofanana zinatambulika, na siku ya miadi utaulizwa ulichoandika.

Siku ya miadi

Hati zipangwe kwa utaratibu wa orodha ya ubalozi, halisi zote, pamoja na nakala za karatasi ya A4 kwa idadi iliyotajwa, bila kubana na pini. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ina angalau kurasa mbili tupu. Picha iwe ya kibayometriki, milimita 35 kwa 45, ya hivi karibuni, uso wazi. Hijabu inaruhusiwa kama uso wote unaonekana kuanzia kidevuni hadi paji. Picha za studio zilizong'arishwa ngozi kwa kompyuta hukataliwa. Waambie waache.

Maswali huwa mafupi. Kozi inaitwaje, ina mihula mingapi, kwa nini mji huu, nani analipa na anafanya kazi gani, umeomba vyuo vingine vipi, una ndugu huko? Ukiwa naye sema unaye. Kama kozi ni ya Kijerumani, mazungumzo yatageuzwa Kijerumani bila taarifa, na cheti cha lugha cha ngazi ya B2 cha Goethe-Institut kisichofuatwa na mdomo hakitakuokoa. Kama kozi ni ya Kiingereza, maneno machache ya Kijerumani cha A1, ngazi ya mwanzo, si sharti la kila mmoja, lakini yanaonyesha kwamba umejiandaa kuishi, si kufika tu.

Kuhusu mawakala: hakuna wakala mwenye nafasi zake ubalozini. Miadi haiuzwi. Anayekuhakikishia viza kwa malipo ya mbele anauza hewa, na akikutengenezea taarifa ya benki au cheti, atakayepigwa marufuku ya kuingia ni wewe, si yeye.

Ukikataliwa

Barua ya kukataliwa hutaja sababu. Zamani mtu aliweza kuuandikia ubalozi kuomba ufikirie upya bila gharama. Utaratibu huo ulifutwa duniani kote tarehe 1 Julai 2025. Sasa una njia mbili: kuomba upya na kulipa ada upya, au kufungua kesi kwenye mahakama ya utawala ya Berlin ndani ya mwezi mmoja. Kesi ni ndefu na mihula haingoji, kwa hiyo kwa wengi kuomba upya ndiko kunakofaa, mradi kilichokosewa kimerekebishwa kweli. Faili lile lile likirudishwa, jibu huwa lile lile. Usifunge Sperrkonto kwa hasira siku hiyo kama unakusudia kuomba tena.

Wiki za kwanza huko

Viza iliyobandikwa kwenye pasi ni ya kuingilia, mara nyingi ya miezi mitatu hadi sita. Kibali cha ukaazi chenyewe unakipata huko. Ndani ya wiki mbili za kuhamia chumbani sajili anwani, kitendo kinachoitwa Anmeldung, ukiwa na fomu ya Wohnungsgeberbestätigung iliyosainiwa na mwenye nyumba. Chumba kisichokubali kusajiliwa, hata kiwe rahisi, ni hasara: bila Anmeldung Sperrkonto haianzi kutoa pesa kwa amani, na ofisi ya wageni haina pa kukuandikia.

Siku ile ile omba miadi ya Ausländerbehörde kwa ajili ya kibali. Katika miji mikubwa miadi hupatikana baada ya miezi, na kadi yenyewe hutengenezwa kwa wiki kadhaa tena. Ada ya kibali cha kwanza ni takriban euro 100.

Kazi unaruhusiwa siku 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka, na kazi za usaidizi ndani ya chuo hazihesabiwi humo. Kima cha chini cha mshahara tangu Januari 2026 ni euro 13.90 kwa saa. Inasaidia, ila usiiweke kwenye hesabu ya kujikimu unayompa ofisa wa viza. Hesabu yake ni Sperrkonto.

Viza ikikaribia kuisha na kadi haijatoka, hakikisha ombi lako la kibali limeingia kabla ya tarehe ya mwisho, hata kwa barua pepe yenye uthibitisho, na uombe Fiktionsbescheinigung, karatasi inayorefusha hadhi yako mpaka uamuzi utoke. Ukitaka kwenda nyumbani Krismasi ukiwa na karatasi hiyo, soma kisanduku kilichowekwa alama: inayotaja kifungu cha 81 ibara ya 4 cha sheria ya ukaazi inakuruhusu kutoka na kurudi, ya ibara ya 3 haikuruhusu. Beba na pasi yenye ile viza iliyoisha, na ukate tiketi isiyopita nchi nyingine ya Schengen kama unaweza, kwa kuwa si kila askari wa mpakani anaifahamu karatasi hiyo.